Vipimo vya Vinasaba vya Nyumbani: Mate ya Mmoja, Siri ya Ukoo Mzima

Machi 23, 2025, kampuni ya Marekani ya 23andMe, iliyojipatia umaarufu kwa kuuza vipimo vya vinasaba ambavyo mtu hujichukulia sampuli akiwa nyumbani, iliwasilisha mahakamani maombi ya ulinzi wa kisheria dhidi ya wadai baada ya kuelemewa kifedha. Siku mbili kabla ya hapo, Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la California alikuwa amewakumbusha wakazi wa jimbo hilo haki yao ya kuitaka kampuni ifute taarifa zao na kuteketeza sampuli zao. Wakati huo kampuni ilikuwa imekusanya taarifa za wateja zaidi ya milioni 15. Julai mwaka huohuo, mali zake, ikiwamo kanzidata ya vinasaba, zilinunuliwa kwa dola za Marekani milioni 305 na taasisi isiyo ya kibiashara inayoongozwa na mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, Anne Wojcicki.

Tukio hilo limetokea mbali, lakini linamgusa Mtanzania. Vipimo hivi hutangazwa na kuuzwa kwa njia ya intaneti, na Watanzania wanaoishi ughaibuni huvinunua kama raia wengine wa nchi waliko. Mmoja wao anapojipima, sehemu ya taarifa za wazazi, ndugu, watoto na binamu zake waliobaki Tanga, Kigoma au Unguja huingia katika kanzidata hiyo bila wao kuulizwa. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kutema mate katika kichupa ni jambo la ukoo, hata pale unapofanywa na mtu mmoja.

Kipimo kinavyofanya kazi

Mteja hupokea kichupa kidogo, hutema mate ndani yake na kukirudisha maabara kwa posta. Maabara haisomi vinasaba vyote. Kati ya herufi takriban bilioni tatu zinazounda maelezo ya kinasaba ya binadamu, vipimo vingi vya aina hii husoma sehemu laki kadhaa tu ambazo kwa kawaida hutofautiana baina ya watu. Matokeo hayo hulinganishwa na ya watu wengine waliomo katika kanzidata, kisha mteja hupewa asilimia zinazokadiria asili yake, orodha ya watu wanaoelekea kuwa jamaa zake na, kwa malipo ya ziada, maelezo kuhusu afya.

Asilimia hizo ni makadirio. Kampuni ikiongeza watu katika kanzidata au kubadilisha namna ya kukokotoa, mteja yuleyule anaweza kuambiwa ana asili tofauti na ile ya mwaka uliopita, ingawa vinasaba vyake havikubadilika. Aidha, ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kupata asilimia zisizolingana, kwa kuwa kila mtoto hurithi mchanganyiko wake kutoka kwa wazazi.

Asili na historia

Hamu ya kujua asili ni ya haki, na vinasaba vinaweza kweli kuangaza historia. Machi 2023, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, yakiwamo makaburi ya Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa, Manda na Faza. Utafiti ulionesha kuwa kuanzia takriban mwaka 1000, watu wenye asili ya Afrika na wenye asili ya Asia, hususan Uajemi, walianza kuchanganyika. Upande wa Afrika ulitokana zaidi na wanawake, na ule wa Asia zaidi na wanaume. Matokeo hayo yanakaribiana na masimulizi ya Washirazi yaliyohifadhiwa katika tarikh ya Kilwa.

Hata hivyo, hitimisho hilo halikutokana na asilimia peke yake. Lilihitaji wanaakiolojia, makaburi yenye tarehe zinazojulikana na maandishi ya kale. Mteja wa kipimo cha nyumbani hupata asilimia bila makaburi, bila tarehe na bila masimulizi. Kabila, lugha na utani wa jadi ni mambo yanayorithiwa kwa malezi na hayaandikwi katika mate. Swali la babu alitoka wapi bado linajibiwa vyema zaidi na wazee wenyewe, wangali hai.

Tahadhari ya afya

Katika afya, kosa la tafsiri linaweza kugharimu maisha. Mwaka 2013 mamlaka ya Marekani inayodhibiti chakula na dawa, FDA, iliiamuru 23andMe kusitisha uuzaji wa huduma yake ya afya kwa kukosa kibali. Kuanzia 2015 mamlaka hiyo ilianza kuruhusu baadhi ya taarifa kwa masharti. Machi 2018 iliruhusu kipimo kinachohusu hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, lakini ilieleza kuwa kinatafuta mabadiliko matatu tu katika jeni za BRCA, ilhali yanayojulikana yanazidi 1,000. Isitoshe, hayo matatu hupatikana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki.

Maana yake kwa mwanamke wa Mwanza au Mtwara ni nzito. Akipata jibu kwamba mabadiliko hayo hayakuonekana, hajaambiwa kuwa yu salama. Ameambiwa tu kwamba hana mabadiliko matatu ambayo tangu awali hayakuwa yakitarajiwa kwake. Akiacha kwenda kuchunguzwa matiti kwa kutegemea jibu hilo, kipimo kitakuwa kimemdhuru.

Wakati huohuo, swali la urithi wa kiafya linalozigusa familia nyingi za Tanzania, yaani ugonjwa wa selimundu, halihitaji kichupa cha kutuma ng'ambo. Kipimo cha damu hospitalini hubaini iwapo mtu amebeba vinasaba vya ugonjwa huo, na mtaalamu huwapo kuwaeleza wenzi wanaotarajia kupata watoto maana ya majibu.

Yasiyozoleka

Oktoba 2023, 23andMe ilitangaza kuwa wadukuzi walikuwa wameingia katika akaunti za wateja wake kwa kutumia nywila zilizoibwa kwingineko. Akaunti zilizofunguliwa moja kwa moja zilikuwa takriban 14,000. Lakini kwa kupitia huduma ya kutafuta jamaa, wadukuzi walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Juni 2025, ofisi ya kamishna wa taarifa nchini Uingereza iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 2.31 kwa kushindwa kulinda taarifa za wateja wake waliopo nchini humo.

Mfano mwingine unahusu jinai. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata mtu aliyetafutwa kwa miongo kadhaa kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 1970 na 1980. Hakuwa ameweka vinasaba vyake katika kanzidata ya nasaba. Jamaa zake wa mbali ndio waliokuwa wameweka vyao, na kwao wapelelezi wakamfikia. Wengi waliufurahia ukamataji huo, lakini uwezo uleule unaweza kumfikia mtu asiye na hatia. Nywila iliyoibwa hubadilishwa kwa dakika moja, lakini vinasaba havibadilishwi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria inasemaje

Tanzania ilitambua uzito wa suala hili mapema. Sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu inasimamia ukusanyaji, ufungaji, usafirishaji, uhifadhi, uchunguzi na uteketezaji wa sampuli, pamoja na utoaji wa taarifa za kinasaba. Uchunguzi hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia kwa wenye mamlaka kisheria, kama vile mahakama, maofisa ustawi wa jamii na mawakili. Utaratibu huo unaweza kuonekana mrefu kwa mwenye haraka, lakini unamhakikishia mwananchi kuwa jibu linaloweza kugusa ndoa, urithi au malezi ya mtoto halitolewi bila mtu wa kuwajibika.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa za kinasaba katika kundi la taarifa nyeti na kuweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Pamoja na hayo, ni vigumu kwa sheria ya ndani kumlinda kikamilifu mtu ambaye taarifa zake zimetolewa na jamaa yake akiwa nchi nyingine.

Hapo ndipo wajibu wa familia unapoanza. Mwenye nia ya kujipima akiwa ughaibuni anapaswa kwanza kuwajulisha ndugu zake wa karibu, kusoma masharti kuhusu matumizi ya sampuli katika utafiti na hatima yake kampuni ikiuzwa, na kufunga huduma ya kuonesha jamaa iwapo haihitaji. Aliyekwisha kujipima anaweza kuomba taarifa zake zifutwe na sampuli iteketezwe. Aliyeko nchini na mwenye shaka kuhusu uzazi au ugonjwa wa kurithi aanzie kwa ofisa ustawi wa jamii au hospitalini, mahali ambapo majibu hutolewa pamoja na ushauri.