Mume Naye Ameze Dawa

Kwenye shughuli ya kumfunda mwari huku Ubena, somo mmoja alisimama akasema: "Mwanamke anayetokwa na uchafu unaonuka hajui kujisafisha." Vigelegele vikarindima. Mwari akaagizwa shabu na maji ya ndimu, ajioshee ndani. Nilichefuka, na hasira haijaniisha.

Uchafu wa manjano au wa kijani, wenye povu na harufu, pamoja na muwasho na maumivu wakati wa kukojoa, ni dalili za trikomona. Hiyo si fangasi, wala si uvivu wa kuoga. Ni kijidudu cha seli moja kinachoambukizwa kwa ngono, alichokieleza daktari Mfaransa Alfred Donné mwaka 1836. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 kwa mwaka 2020. Wote hao hawaogi? Shabu haikiui kijidudu hicho. Kujiosha ndani huondoa bakteria wanaoulinda uke, na mwanamke akabaki hana kinga hiyo.

Dawa ipo: metronidazole, tunayoizoea kwa jina la Flagyl, kwa siku 7. Lakini mume naye ameze! Nitalirudia hili mpaka wazee wa baraza wanichoke: mume naye ameze!

"Mimi siumwi popote," waume wanajibu. Jibu gani hilo? Wanaume wengi wenye trikomona hawana dalili yoyote, na hivyo hivyo wanaambukiza. Kumtibu mke peke yake ni kukumba maji ngalawani na tundu hujaliziba. Mke anamaliza vidonge, anarudi kitandani, anaambukizwa upya. Kisha anaambiwa ana "UTI sugu", na wauza dawa wa redioni, wanaotibu kila kitu kuanzia kisukari hadi mapenzi, wanamnyang'anya akiba ya kikoba.

Nenda zahanati yoyote asubuhi. Mabenchi yamejaa kina mama na watoto. Waume wako kijiweni na kahawa. Huku nyumbani trikomona inamwongezea mke hatari ya kupata VVU, na akiwa mjamzito inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Enyi masomo, acheni shabu. Wafundeni mabwana harusi pia: waende wawili, watibiwe wawili, wasikutane kimwili mpaka wote wamalize dawa na dalili ziishe. Na mwanamume anayekataa kutibiwa asithubutu kumwita mkewe mchafu.