Ukipachika Video, Andika na Sentensi

Kuna ugonjwa umeingia kwenye makala zetu za fasihi, na unaanzia kwenye rasimu. Mwandishi na mhariri wamefungua waraka mmoja wa Google Docs, kila mtu kwake. Wakifika penye kazi, yaani penye kueleza ngoma, sauti au sura ya mahali, mmoja anaandika pembeni: "Hapa tupachike video." Wanasonga mbele. Sentensi haikuandikwa.

Chukua bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Makala inasema "ni ngoma ya kusisimua, tazama", halafu kisanduku. Msomaji wa Bariadi mwenye bando la kuungaunga anaona duara linazunguka tu. Mwenye ngoma ndiye kafungiwa nje! Wa Dar anaifungua, anaona majembe yakirushwa na kudakwa. Hajaambiwa kwamba ngoma hii imetoka shambani, kwenye kulima kwa pamoja. Wala hajui kwamba Bagika na Bagalu wanaposhindana baada ya mavuno, mshindi ni anayevuta umati mkubwa zaidi. Nani amweleze, kamera?

Ramani nazo hivyo hivyo. Ukibofya, utaiona Bariadi, makao makuu ya Simiyu. Haitakwambia kwamba kabla ya 2012 Bariadi ilikuwa Shinyanga, kwa hiyo anayetafuta habari zake kwenye vitabu vya zamani aanzie huko.

Halafu vitu hivi vinakufa. Flash ilifikia mwisho wake Desemba 2020, na vilivyotengenezwa kwayo vikabaki masanduku matupu kwenye kurasa nyingi. Mei 2025 X ikafungiwa Tanzania. Video zilizopachikwa kutoka huko zikagoma kufunguka bila VPN. Makala iliyoegemea video hizo ina shimo katikati, na mwandishi wake pengine hata hajui.

Sipingi sauti. Mtu akiimba kwa Kisukuma, hakuna herufi zitakazobeba toni zake zote, kwa hiyo pachika, tena asante. Lakini andika maneno ya wimbo, yatafsiri, taja nani kaimba, wapi, lini.

Wahariri, kipimo ni rahisi: kabla ya kuchapisha, ondoeni visanduku vyote kisha msome. Aya ikianguka, mrudishieni mwandishi. Bado hajaiandika.