Kuwa na Mababa Wote kwenye Simu Si Kuwa na Maktaba

Uvira sasa ina jibu tayari kwa yeyote anayelalamika kwamba seminari na vyuo vya Biblia vya huku havina maktaba. Jibu ni simu. Mkusanyo wa Migne umo, wanasema, karibu juzuu 380 za Mababa wa Kanisa, wa Kilatini na wa Kigiriki, bila kulipa senti. Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imo. Tafsiri za karne ya 19 za Augustino na Krisostomo zimo, tena kwa Kifaransa, lugha tunayosomea. Kwa hoja hii mwanafunzi wa Kavimvira ana rafu ileile ya mwenzake wa Roma, na kinachowatenganisha ni megabaiti na umeme wa SNEL basi.

Kwamba vitabu hivyo vimo ni kweli. Wala sitetei karatasi: mji ulioona mto Mulongwe ukiingia majumbani Aprili 2020 hauna sababu ya kuweka tumaini lake lote kwenye kabati la vitabu. Ninachokataa ni hitimisho. Rafu hizo mbili hazilingani, na hata umeme ukiwaka usiku na mchana hazitalingana.

Maktaba za bure hutoa hasa vitabu ambavyo haki zake za uandishi zimekwisha, yaani vya zamani. Padri Jacques-Paul Migne alichapa mfululizo wake wa Kilatini kati ya 1844 na 1855, wa Kigiriki kati ya 1857 na 1866, na sehemu kubwa ilikuwa kuchapa upya kazi za waliomtangulia. Augustino wake ni yule aliyeandaliwa na Wabenedikto wa Saint-Maur mwishoni mwa karne ya 17. Ni kazi ya kuheshimiwa, na wataalamu wanaitumia hadi leo. Ila anayelifungua faili hilo sasa anasoma Augustino wa enzi za Mfalme Louis XIV, na hakuna anayemwambia nini kimepatikana tangu hapo.

Kimepatikana kitu kinachotuhusu sisi wa Ziwa Tanganyika kuliko wengi. Mwaka 1981, Vienna, msomi wa Austria Johannes Divjak alitoa chapa ya barua 29 zilizokuwa zimelala katika hati za Paris na Marseille, karibu zote za Augustino, ambazo wachapaji wa zamani hawakuzijua. Barua ya 10 kati ya hizo anaandikiwa Alipio, rafiki yake askofu aliyekuwa Italia. Inahusu biashara ya watumwa. Wafanyabiashara, wengi wao Wagalatia, wananunua watu waliotekwa vijijini Afrika ya Kaskazini na kuwapakia melini. Makundi yanavamia usiku. Mwanamke mmoja wa Hippo, mji wa Augustino, anawavuta wanawake wa mlimani kwa kisingizio cha kununua kuni, kisha anawafungia na kuwauza. Waamini wa Hippo wanawakomboa watu wapatao 120, na Augustino anamwomba Alipio aipeleke habari hiyo mbele ya wakubwa wa dola.

Isome ukiwa Uvira, ambako wanawake hushuka na kuni kutoka milima ya Mitumba, na ambako miaka ya 1880 Rumaliza, tajiri wa Ujiji, alieneza mamlaka yake pamoja na biashara ya watumwa. Wamisionari wa Afrika (Mapadre Weupe) walifungua kituo Rumonge mwaka 1879 na Mulweba, upande wetu wa ziwa, mwaka uliofuata, wakawa wakiwakomboa watoto kwa kuwanunua. Aliyewatuma, Kardinali Lavigerie, alikuwa amefundisha historia ya Kanisa Sorbonne kabla ya kuwa askofu mkuu wa Algiers na baadaye wa Kartago, mji wa Sipriani na Tertuliano. Mwaka 1888 alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa. Barua hiyo ingekuwa silaha yake kubwa, lakini hakuna aliyeijua wakati huo. Basi mwanafunzi wetu anayeandika tasnifu kuhusu Kanisa na utumwa kando ya Tanganyika, akiwa na Migne peke yake, atakiona kitabu cha 19 cha Mji wa Mungu, ambamo utumwa unaelezwa kuwa tunda la dhambi, kisha ataandika kwamba Augustino aliukubali na kunyamaza. Tafsiri ya Kifaransa ya barua hizo ilitoka mwaka 1987 katika juzuu ya 46B ya Bibliothèque augustinienne. Mwanafunzi hataitafuta kwa kuwa hajui kwamba ipo.

Huyo si mvivu; amesoma alichopewa. Alichokosa ni kitabu cha rejea, na ndicho kisichohesabiwa na watu wa hoja ya simu, kwa sababu kitabu cha rejea hakina mahubiri ndani yake wala hakimpendezi mtu kukisoma kabla ya kulala. Mtawa Eligius Dekkers wa Steenbrugge, Ubelgiji, alitoa Clavis Patrum Latinorum mwaka 1951, toleo la tatu likatoka 1995. Kwa Wagiriki, Maurice Geerard alianza kutoa Clavis Patrum Graecorum mwaka 1974. Kila andishi limepewa namba. Chini ya namba utajua ni la nani, chapa ipi ni bora, na katika Migne liko wapi. Chini ya jina la Krisostomo zinatangulia hotuba zilizo zake, zinafuata za shaka, kisha zile alizobambikiwa na wanakili, nazo ni mamia.

Hapo ndipo simu inapodanganya zaidi, tena bila nia mbaya. Wabenedikto wa Saint-Maur walijua kwamba hotuba nyingi zilizobeba jina la Augustino si zake, wakazitenga katika nyongeza yenye onyo, na Migne akaufuata mpangilio huo katika juzuu ya 39. Nyingi zimekuja kutambuliwa kuwa za askofu Kaisari wa Arles. Aliyeshika juzuu mkononi huona kichwa cha nyongeza. Aliyeandika maneno mawili kwenye kisanduku cha kutafutia huletewa ukurasa mmoja ulionyofolewa, na Jumapili Kaisari anahubiriwa kwa jina la Augustino.

Kwaya zetu nazo zina msemo wao, kwamba aimbaye vizuri husali mara mbili, na chini yake huandikwa "Mt. Augustino". Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1156, inautaja na kumwelekeza msomaji kwenye maelezo ya Augustino juu ya Zaburi ya 72, aya ya 1. Nenda huko, Migne juzuu ya 36, safu ya 914. Utamkuta akisema kwamba anayeimba sifa husifu kwa furaha, tena humpenda yule anayemwimbia. Hesabu ya mara mbili haimo. (Na ukifungua Biblia kutafuta zaburi yenyewe, tazama ya 73, maana Augustino anafuata hesabu ya Biblia ya Kilatini.) Binafsi naona alichosema kweli kinazidi msemo kwa uzuri, na kwaya isingepoteza chochote kwa kukijua.

Wengine siku hizi wanaiuliza programu ya akili mnemba, nayo inajibu kwa ufasaha, pengine na nukuu isiyopatikana popote. Bila rejea hutajua ni lini imekudanganya.

Nitaambiwa rejea hizo ni za Wakatoliki wenye Kilatini na fedha. Kilatini cha Clavis ni cha namba, majina na vifupisho. Mwenye bidii anakizoea. Fedha ndiyo hoja dhaifu zaidi. Clavis Clavium, inayoziunganisha rejea za aina hii, inafunguliwa bure kwenye intaneti. Kamusi ya Kilatini ya Gaffiot na ile ya Kigiriki ya Bailly, zote kwa Kifaransa, zimetolewa upya kama mafaili ya bure. Ukishayapakua hayahitaji mtandao tena, na yanafika Baraka au Fizi ndani ya kadi ya simu. Na kwa Wapentekoste, ambao wamekuwa huku tangu miaka ya 1920 na wanaijua Biblia kwa sura na mstari, kuna BiblIndex ya taasisi ya Sources Chrétiennes mjini Lyon. Unaipa mstari, inakuonyesha mwandishi gani wa karne za kwanza aliutumia na wapi. Sioni mlango unaomfaa mchungaji wa CEPAC au CELPA kuliko huo.

Kweli, chapa nyingi mpya zitabaki za kulipia. Lakini anayejua namba ya andishi, chapa yake na kurasa zake anaweza kumwomba mtu wa Bujumbura au Roma kurasa sita. Anayeomba "chochote cha Augustino juu ya utumwa" ataletewa Migne, na Migne anaye tayari.

Kwa hiyo naomba wakuu wa seminari na vyuo vya Biblia, kutoka Kiliba hadi Fizi, wasinunue diski nyingine yenye maelfu ya mafaili kabla ya kumteua mwalimu mmoja wa kufundisha matumizi ya rejea. Na wasahihishaji waanze muhula huu: nukuu ya Baba wa Kanisa isiyo na namba ya Clavis, chapa na ukurasa irudishwe kwa aliyeiandika.