Asiye na Mtu wa Kumtia Birikani



Injili ya Yohane, sura ya 5, yatukutanisha na mtu aliyeugua miaka 38, akilala kando ya birika. Uponyaji ulikuwa hatua chache kutoka mkekani pake, wala haukuuzwa. Alichokosa ni mtu wa kumfikisha majini.

Birika hilo lipo hata hapa Unguja. Hospitali ya Mnazi Mmoja inapakana na Mji Mkongwe. Lakini mzee aliyepooza, anayekaa ghorofani, penye ngazi za mwinuko na kichochoro kisichopitisha gari, ataifikaje? Na bibi asiyeona kule Makunduchi, nani atamshika mkono hadi kituoni?

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza mwaka 2023 na watumishi wa umma, ni jambo jema. Hata hivyo twasema wazi: bima inayomlipa daktari na dawa pekee haijamfikia mzee mwenye ulemavu. Nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, kiti cha magurudumu, shimesikio na muuguzi wa kumfuata nyumbani si hisani ya kuongezewa. Kwake hayo ndiyo matibabu yenyewe.

Tutaambiwa fedha hazitoshi. Lakini visiwa hivi ndivyo vilivyothubutu, Aprili 2016, kumpa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi bila kumuuliza alichangia nini. Na baadaye kiasi hicho kikaongezwa. Tena tunao wahudumu wa afya wa kujitolea, wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaangalia akina mama na watoto. Mlango ni ule ule. Kwa nini babu aliyelala chumba cha ndani asihesabiwe?

Nasi tusijitoe lawamani. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinazijua nyumba za wagonjwa, kwa kuwa huko hupelekwa Ekaristi. Je, tumewahi kuwapeleka hospitali? Tumewahi kumbisha hodi jirani yetu Mwislamu mwenye mzee wa namna hiyo? Juma hili kila jumuiya iorodheshe wazee wake wenye ulemavu, bila kubagua dini, kisha orodha ifikishwe kwa sheha.

Bwana hakumlaumu yule mtu kwa kuchelewa majini. Alimwendea alipolala. Nasi twende.

Mungu awabariki.