Kimbunga Kina Saa Zake za Kutazamwa

Mwezi Mei 2024 mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia mama. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinaelekea Mafia, naye yuko Kilwa Masoko, ananijibu kwa sauti ya mtu anayepepeta mchele kwamba mbuzi ameshaingizwa ndani na niache kumsumbua. Haikutimia miezi miwili zamu ikageuka. Kimbunga Beryl kilizaliwa katika Atlantiki tarehe 28 Juni, mama akawa ananipigia huku Houston mara tatu kwa siku.

Alikuwa na haki. Msimu wa vimbunga huku huanza tarehe 1 Juni, lakini wiki za mwanzo kwa kawaida hazina makeke. Beryl hakikungoja. Tarehe 1 Julai kilipiga kisiwa cha Carriacou, Grenada, kwa upepo wa kilomita 240 kwa saa, na usiku wake kikapanda daraja la 5, mapema kuliko kimbunga chochote kilichowahi kurekodiwa katika bahari hiyo. Kwenye kundi letu la WhatsApp, Watanzania, Wakenya na Wakongo wa hapa mjini, mtu akaandika kwamba mwenye akili aondoke usiku huo huo. Kimbunga kilikuwa zaidi ya kilomita 3,500 kutoka mlangoni kwetu.

Hofu ya namna hiyo imewahi kuua hapa. Mwaka 2005 watu zaidi ya milioni 2 walikikimbia kimbunga Rita, barabara zikaziba, mafuta yakaisha, joto likawakuta ndani ya magari. Waliokufa katika kukimbia walipita 100, wakiwemo wazee 23 walioteketea kwenye basi karibu na Dallas. Rita chenyewe kikapinda, kikapiga mpakani na Louisiana.

Kwa hiyo nina desturi yangu. Kituo cha Taifa cha Vimbunga, kule Miami, hutoa taarifa kamili kila baada ya saa sita. Kwa Houston ni saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa nne usiku. (Mzungu anasema nne na kumi, sisi kumi na nne, ndiyo saa pekee ambazo sijawahi kumchanganya mtu kazini.) Nachana karatasi ya mirabaraba kwenye daftari la binti yangu, naibandika kwenye mlango wa friji, na kila taarifa naweka nukta moja ya kalamu. Kati ya nukta na nukta, simu inakaa kabatini na mikono inafanya kazi: kugandisha maji kwenye chupa za maziwa, kujaza mafuta ya gari, kuokota makopo uani.

Nakiri kosa langu. Alhamisi, tarehe 4 Julai, mstari wa utabiri ulikuwa unaelekea huko kusini, mpakani na Meksiko. Nikaona yamekwisha, nikaacha kuweka nukta, nikaenda kula nyama choma kwa shemeji. Niliuita utulivu, ulikuwa uvivu. Ule mchoro mweupe wa utabiri, unaopanuka kama faneli, unaonyesha tu kitovu cha kimbunga huenda kikapita wapi, na karibu mara moja katika kila tatu kitovu hutoka nje yake. Hausemi lolote kuhusu upana wa mvua wala upepo. Wiki mbili tu kabla ya hapo Alberto, dhoruba ya kwanza ya msimu, ilikuwa imetua Meksiko huku maji ya bahari yakiingia mitaani Surfside Beach, hapa Texas. Nilijua hayo yote, na bado nililala.

Jumamosi mstari ukasogea kwetu. Jumatatu, tarehe 8, mnamo saa kumi alfajiri, Beryl kikatua karibu na Matagorda. Daraja la 1 tu, watu walisema. Lile "tu" liliacha wateja zaidi ya milioni 2 bila umeme, na joto la siku zilizofuata likaua waliokuwa wamenusurika na upepo. Kwetu umeme ulirudi siku ya sita. Chupa zangu za barafu zilikuwa nne. Zingekuwa kumi na mbili kama nisingekwenda kula nyama.

Mwaka huu karatasi imerudi kwenye friji, tupu bado. Mama ameshaizoea ratiba kuliko mimi. Juzi nilimtajia kawingu kalikoonekana Karibiani, akaniuliza taarifa inayofuata inatoka lini.

"Saa nne usiku, mama. Kwenu itakuwa saa kumi na mbili asubuhi."

"Haya. Nitakuwa nimeshaswali. Sasa kata simu ukajaze maji, mwanangu."