Sulhu ya Hadhramaut Ilikuwa ya Nani?

Kuna maneno ambayo husikika sana katika mabaraza yetu ya Pwani, hasa yanapotajwa mambo ya kale. Husemwa kwamba Waarabu wa makabila walikuwa hawajui ila kuuana na kulipizana kisasi, mpaka alipokuja Mwingereza akawapatanisha. Mfano unaotolewa ni Hadhramaut, na jina linalotajwa ni la Bwana Harold Ingrams. Mimi naonelea kwamba maneno haya ni nusu ya kweli, na nusu ya pili imefunikwa. Nayo yatuhusu, kwani Hadhramaut ndiyo asili ya Washihiri wengi wa Mombasa na Malindi, na ya koo nyingi za masharifu waliosomesha dini Lamu, Unguja na Ngazija.

Yatuhusu kwa sababu nyingine pia. Huyo Bwana Ingrams kabla ya kufika Hadhramaut alikuwa mtumishi wa serikali Pemba na Unguja, tangu 1919 hadi 1927. Kiswahili alikijua, na mila za watu alizichungua mpaka akaandika kitabu kikubwa cha historia ya Zanzibar, kilichotoka 1931. Alikuwako Unguja wakati Sayyid Ahmad bin Sumeit, ambaye jamaa zake asili yao ni Shibam, alipokuwa kadhi mwenye sifa ya elimu iliyovuka bahari. Kwa hivyo alipopelekwa Aden mwaka 1934 hakuwa mgeni wa Waarabu. Adabu ya kuketi barazani, ya kusubiri kahawa kabla ya kutaja shida, na ya kumjua nani aamkiwe kwanza, alikuwa ameionja kwetu.

Nchi aliyoikuta ilikuwa na dhiki, hilo halikataliki. Pwani yake na baadhi ya bonde ilikuwa mikononi mwa masultani wa Al-Quaiti, ambao nguvu zao zilitokana na mali waliyoipata katika jeshi la Nizam wa Hyderabad huko Bara Hindi. Sehemu ya ndani ilikuwa ya masultani wa Al-Kathiri. Lakini amri ya sultani haikufika mbali na kuta za mji wake. Baina ya kabila na kabila, na hata baina ya nyumba na nyumba, palikuwa na deni la damu. Wako wanaume waliokaa miaka ndani ya nyumba zao bila ya kutoka mlangoni mchana, kwa kuogopa risasi ya jirani. Pengine palichimbwa mahandaki ili mtu apate kufika shambani kwake. Mwingereza alikuwa na mkataba wa himaya na Al-Quaiti tangu 1888, na kwa karibu miaka 50 dhiki hiyo haikumshughulisha hata kidogo.

Basi kwa nini ikamshughulisha 1936? Tazama ramani. Italia ilikuwa imeivamia Habash mwaka 1935 na kuiteka mwaka uliofuata. Imamu wa Yemen alikuwa ameandikiana mkataba na Mwingereza 1934, lakini madai yake juu ya nchi za kusini hakuyaacha. Aden yenyewe ilikuwa yaondolewa katika mamlaka ya Bara Hindi ili iwe koloni mbali, jambo lililotimia tarehe 1 Aprili 1937. Dola iliyokuwa ikitosheka na bandari sasa ilitaka nyuma ya bandari pawe pametulia, na ndege zake zipate mahali pa kutua. Huruma huenda ilikuwako katika moyo wa Bwana Ingrams na mkewe, Bi Doreen, nami siwanyimi haki yao. Lakini serikali haikuwatuma kwa ajili ya huruma.

Sasa nifike pale ninapotaka msomaji anisikilize. Ile sulhu yenyewe ilifanywa kwa zana gani? Hadhramaut tangu zamani ilikuwa na kanuni zake za kusimamisha vita. Masharifu hawakubeba silaha, na kwa hivyo waliweza kupita baina ya maadui. Mkuu wa ukoo wa masharifu, ambaye wao humwita mansabu, ndiye aliyesuluhisha. Palikuwa na miji na maziara yaliyokuwa hawta, yaani mahali patakatifu ambapo damu haimwagwi. Na sulhu ilikuwa na muda wake. Iliwekwa kwa miezi au miaka, kwa wadhamini, na muda ulipokwisha iliweza kufanywa upya. Mwingereza alipotaka amani ya miaka mitatu, mwanzoni mwa 1937, neno alilolitumia na njia aliyoipita zilikuwa za wenyeji. Angelitaka amani ya milele siku ya kwanza, sidhani kama kuna mkuu wa kabila ambaye angetia mkono wake.

Na mtu aliyemfungulia njia hiyo alikuwa Sayyid Abubakar bin Sheikh Al-Kaf. Jamaa zake walikuwa na majumba na mali nyingi Singapore. Alijenga barabara ya motokaa kutoka Tarim mpaka pwani, kwa fedha za familia, na kila kabila ambalo barabara ilipita katika ardhi yake ilibidi liridhishwe. Ilipofika kazi ya sulhu, yeye ndiye aliyekaribisha wageni, akalipa fidia za watu na kuzungumza na wakuu ambao Mzungu asingeweza hata kuingia majumbani mwao. Malkia wa Uingereza alimpa cheo Aden mwaka 1954. Lakini mali aliyoitumia katika mambo ya watu haikurudi, naye alipofariki 1965 hakuwa tena tajiri yule wa zamani. Cheo ni kitu chepesi kukitoa.

Kulikuwa na zana nyingine, na hiyo ilikuwa ya Mwingereza peke yake. Kabila la Bin Yamani lilitozwa faini kwa kuvunja usalama wa njia, likakataa. Zikaja ndege za kivita, likatolewa onyo, kisha vijiji vyao vikapigwa mabomu. Baada ya hapo wakuu wengine walifanya haraka kutia saini. Sahihi zilizokusanywa zilizidi 1,300. Hebu fikiri idadi hiyo! Nchi ambayo ilibidi watu zaidi ya 1,300 waulizwe mmoja mmoja ndipo amani ipatikane haikuwa nchi ya watu wasiojua utaratibu. Ilikuwa nchi ambayo kila ukoo ulijihesabu kuwa na neno lake.

Na ndilo neno hilo lililochukuliwa. Agosti mwaka huohuo wa 1937 Sultani wa Al-Quaiti, Salih bin Ghalib, alitia saini mkataba mpya wa kukubali Mshauri Mwingereza kukaa Mukalla, na kufuata ushauri wake katika kila jambo, isipokuwa yanayohusu dini ya Kiislamu na mila. Mshauri wa kwanza akawa Bwana Ingrams. Sulhu ya kienyeji haina mshauri anayebaki nyumbani baada ya karamu kwisha. Mansabu husuluhisha akarudi kwake. Huyu alisuluhisha akakaa.

Wasomaji wa Pwani watakuwa wameshaitambua sauti hiyo ya "isipokuwa dini na mila". Tuliisikia sisi kabla yao. Mwaka 1895 Sir Arthur Hardinge alipotangaza Mombasa kwamba utawala wa pwani waingia mikononi mwa serikali ya Mwingereza, ahadi ilikuwa hiyohiyo: dini na desturi hazitaguswa. Sultani akawa alipwa pauni 17,000 kwa mwaka, ambazo 11,000 zilikuwa kodi ya ukanda wa pwani. Na kweli makadhi walibaki. Lakini mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, na aliyeshindwa kuthibitisha milki yake mbele ya afisa aliliona shamba la babu zake likiandikwa kuwa la serikali. Ardhi haikuhesabiwa kuwa dini wala mila. Mwenye kuandika hati ndiye aliyeamua kipi kiitwe dini na kipi kiitwe serikali, na hilo ndilo fundisho ambalo Bwana Ingrams, baada ya miaka minane kwetu, hakuhitaji kufundishwa.

Wako watakaosema: afadhali mshauri kuliko risasi. Hoja hiyo ina uzito, na mama aliyeona wanawe wakitoka kwenda kulima mchana bila ya hofu hatanielewa nikimwambia habari za mkataba. Ile sulhu ya miaka mitatu iliongezwa mingine kumi, na watu waliitaka. Lakini si wote walioridhika. Bin Abdat wa Al-Ghurfa, aliyekuwa na mali ya Java, alikataa kuwa chini ya yeyote, na hakuondolewa mpaka jeshi lilipopelekwa 1945. Katikati ya hayo, Wajapani walipoiteka Singapore Februari 1942, fedha za ng'ambo zilikatika, na njaa ya 1943 na 1944 ikaua watu wengi ambao risasi ilikuwa imewaacha.

Utawala wa Al-Quaiti ukaanguka Septemba 1967, na Novemba mwaka huo Mwingereza akaihama Aden. Bwana Ingrams ameacha vitabu, na Bi Doreen vilevile, navyo vyasomwa hadi leo. Wale zaidi ya 1,300 hatuwasomi popote kwa Kiswahili. Watoto na wajukuu wa baadhi yao hapana shaka wamo humu mwetu, Kibokoni na Mji wa Kale, na katika masanduku yao huenda zimo barua zilizoandikwa Seiyun au Shihr katika mwaka ule. Ningependa kuona mtu akizifungua na kuzitafsiri kabla ya mchwa.