Kidimbwi Bila Kipimajoto ni Shimo Tu

Kila wiki simu yangu inaniletea tangazo lilelile: chimba kidimbwi, nunua vifaranga elfu moja wa tilapia, ngoja miezi sita, omoka. Bei ya vifaranga ipo, ya chakula ipo, ya turubai ipo. Joto la maji halitajwi popote. Nami nasema hivi: anayekuuzia samaki bila kukuuliza maji yako yana nyuzi ngapi anakuibia, hata kama risiti atakupa.

Naishi Makongeni, Thika, na riziki yangu ni kuandika. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa. Kuna mteja alitaka nimwandikie tangazo la vifaranga lenye maneno "miezi sita, popote Kenya". Nikamuuliza kuhusu joto. Akaniambia watu hawataki sayansi, wanataka doo. Kazi akampa mwingine. Sawa basi, sayansi yenyewe nawapa hapa bure.

Tilapia jike hutaga, kisha huyachukua mayai yake kinywani na kuyaatamia humo. Wakati huo hali karibu chochote. Maji yakiwa nyuzi 28 hivi, mayai huanguliwa baada ya siku chache tu. Yakishuka chini ya nyuzi 20, anaacha kabisa kutaga. Ukuaji wake mzuri uko kati ya nyuzi 27 na 30. Chini ya hapo anakula kidogo na kukua polepole, na wewe unaendelea kununua chakula. Kambare naye, kwenye nyuzi 28 mayai yake huanguliwa kwa karibu siku moja. Kwenye nyuzi 20 yanachukua zaidi ya siku mbili, na kila saa ya ziada ni nafasi kwa ukungu kuyala.

Joto linaamua hata jinsia. Wafugaji wa Japani wana aina ya samaki bapa, ndugu wa gayogayo wetu wa Pwani. Makinda ambayo kwa vinasaba ni majike yakilelewa kwenye nyuzi 27, mengi yanageuka madume. Wenzetu wanapima hadi nyuzi moja. Sisi tunapima kwa macho.

Sasa angalia ramani. Ziwa Victoria, tunakotoa picha za tilapia wanono, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha utafiti cha Sagana, kilichoanzishwa 1948, kiko mita 1,200 na kitu. Thika na Ruiru ziko karibu mita 1,500, na maji yetu yanashuka kutoka Aberdare. Mwezi Julai hapa jua lenyewe huonekana kwa miadi. Hiyo "miezi sita" ni ya nani?

Serikali nayo ilihesabu mashimo. Mwaka 2009, kwenye mpango wa kufufua uchumi, ilitenga vidimbwi 200 kwa kila eneobunge katika maeneobunge 140, nyanda za juu zikiwemo. Idadi sawa kwa wote, kana kwamba baridi nayo imegawanywa sawa. Ruzuku ilipoisha, vidimbwi vingi vikaachwa. Ndiyo, bei ya chakula ilichangia, na soko pia. Lakini chakula kinakuwa ghali maradufu samaki akikaa mwaka mzima kufikia uzito ulioahidiwa kwa miezi sita. Mkoloni alipoleta trauti mto Gura mwaka 1905, alikuwa anajitafutia burudani ya kuvua, na simsifu. Ila angalau samaki wa baridi alimweka kwenye baridi.

Kuna msee ataniambia: si Thika tuna viwanda? Maji yao ya moto si yatawasaidia samaki? Hapana, bana. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko maji ya nyuzi 20, na maji taka yanakula hata hiyo iliyobaki. Halafu joto la kiwandani hufuata zamu: mashine zikizimwa, maji yanapoa ghafla, na kinda wa wiki moja hana pa kukimbilia. Chania unaingia mto Thika, Thika unaingia Tana, na huko chini kuna bwawa la Masinga, ambako watu huvua tilapia na kuwalisha watoto wao.

Sheria si kwamba haipo. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilisema maji yanayotoka kiwandani yasitofautiane na joto la mto kwa zaidi ya nyuzi 3. Tatu tu! Aliyeandika hivyo alielewa kwamba joto nalo linaweza kuwa uchafu, hata likiwa halina rangi wala harufu.

Kwa hivyo madai yangu ni machache. NEMA na Kaunti ya Kiambu, bandikeni joto la Chania, Thika na Ruiru kila mwezi, juu na chini ya Eneo la Viwanda, mahali ambapo mtu wa Kiandutu anaweza kusoma kwa simu yake. Wauza vifaranga, andikeni kwenye risiti joto mlilowalelea na joto wanalohitaji. Mkishindwa, rudisheni pesa.

Na wewe unayetaka kuchukua mkopo uchimbe, nunua kwanza kipimajoto. Pima alfajiri, pima saa nane mchana, andika, rudia Julai nzima. Ikibidi, funika kidimbwi kwa nailoni angavu kama ya nyumba za nyanya, upime tena. Namba zikikataa, fuga kuku. Deni halisubiri maji yapate joto.